Siku Tatu Uholanzi, Majumba Tisa ya Sanaa: Nianzie Wapi?

Dada mpendwa, shikamoo.

Mimi ni mchoraji wa tingatinga, nina miaka 41, nachora na kuuza Msasani, Dar es Salaam. Kazi nilifundishwa na marehemu baba mdogo, na mpaka leo ndiyo inayonilisha mimi na wanangu watatu. Sijawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki.

Sasa mwezi wa nne binti wa dada yangu anaolewa kule Den Haag, na dada ametukatia tiketi mimi na mama. Viza zimeshatoka. Tunafika Alhamisi, Ijumaa ni maandalizi, Jumamosi ndiyo harusi, na mimi ndiye mjomba, siwezi kukosekana hata kidogo. Jumatano alfajiri tunapanda ndege kurudi. Kwa hiyo siku zangu mwenyewe ni tatu tu: Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Nimeota tangu ujana kuziona picha za wachoraji wakubwa wa kule, akina Rembrandt, Vermeer na Van Gogh, kwa macho yangu, na najua huenda nafasi hii isirudi.

Mpwa wangu, kaka wa bibi harusi, anasoma chuo hukohuko. Amenitumia orodha ya majumba tisa: Rijksmuseum, Van Gogh Museum, Stedelijk na nyumba ya Rembrandt, yote Amsterdam, Mauritshuis na Kunstmuseum pale Den Haag, Boijmans, Rotterdam, Delft kwa ajili ya Vermeer, na Kröller-Müller lililoko msituni. Amepanga matatu kwa siku, na saa za treni ameandika. Shemeji naye ananiambia nisipoteze pesa, picha zote ziko kwenye simu, na ukishaona jumba moja umeona yote. Kwa tiketi moja kweli mimi nanunua rangi za kutosha mwezi.

Mambo mengine matatu yananisumbua. Mama ana miaka 70 na magoti yanamuuma, lakini amesema lazima amwone yule binti mwenye hereni ya lulu, maana sura yake ilikuwa kwenye mkebe wa biskuti aliotumiwa na dada zamani, na mkebe ule anao mpaka leo, anawekea nyuzi. Mimi picha niliyoiota miaka yote ni ile ya Van Gogh ya usiku wenye nyota zinazozunguka. Na la tatu naona haya kulisema. Mimi nachora tembo na kasuku kwa rangi za mkebe juu ya hadibodi, nauzia watalii. Nikisimama mbele ya Rembrandt, nimesimama kama nani?

Niambie dada, niende wapi na niache wapi?

Mjomba wa bibi harusi, Msasani

*

Marahaba, mdogo wangu, na hongereni kwa kuoza.

Orodha ya mpwa wako ni nzuri kwa mtu anayeishi kule, maana huyo atakwenda moja leo, jingine mwezi ujao. Kwa mtu wa siku tatu itamwumiza. Macho huchoka kabla ya miguu. Baada ya saa mbili mbele ya picha nzurinzuri mtu haoni tena, anapita tu, na wewe ni mchoraji, utachoka upesi kuliko mgeni wa kawaida kwa sababu unatazama namna rangi ilivyolazwa. Nimekaa Leiden miaka sita na nimewapeleka wageni wengi kwenye majumba hayo. Waliorudi na kitu moyoni ni wale waliochagua picha. Waliochagua majumba walirudi na tiketi.

Van Gogh mwenyewe alikuwa na siku tatu. Rijksmuseum ilifunguliwa Julai 1885, na Oktoba mwaka uleule akatoka kijijini Nuenen kwenda Amsterdam kuitazama, Jumanne hadi Alhamisi. Rafiki aliyekuwa naye alisimulia baadaye kwamba Van Gogh alifika mbele ya picha ya Rembrandt iitwayo Bibi Harusi wa Kiyahudi, akakaa, akamwambia mwenzake aende azunguke kwingine. Yule rafiki aliporudi alimkuta palepale. Van Gogh akamwambia angetoa miaka kumi ya maisha yake ili akae mbele ya picha ile wiki mbili, kwa kula mkate mkavu tu. Ushauri wangu wote nimeutoa kwa mtu yule.

Sasa tufute. Boijmans ya Rotterdam imefungwa kwa matengenezo tangu 2019. Kilicho wazi ni ghala lake lenye umbo la bakuli la vioo, ni la kustaajabisha, lakini ukiwa na siku tatu si la kwako. Delft ni mji mzuri na Vermeer alizaliwa na kufia huko, ila hakuna hata picha moja yake halisi iliyobaki mjini. Utakachokiona ni nakala. Stedelijk na Kunstmuseum ni ya sanaa ya karne ya 20 zaidi, na kwenye barua yako sikuona unayatamani, kwa hiyo yaache bila majuto. Nyumba ya Rembrandt inaniuma kuifuta, maana ndimo alimofanyia kazi hadi ilipouzwa 1658 baada ya kufilisika, na wanaonyesha namna rangi zilivyosagwa. Hata hivyo picha zake kubwa haziko humo.

Yanabaki manne, na nakuomba uende matatu, moja kwa siku.

Jumapili mpeleke mama Mauritshuis. Usiku wa kuamkia siku hiyo mtakuwa mmelala kwa kuchelewa, kwa hiyo msitoke mapema. Jumapili linafungwa saa kumi na mbili jioni, mkifika saa tisa alasiri inatosha kabisa. Liko katikati ya Den Haag, kando ya bwawa la Hofvijver, na ni dogo: vyumba kama kumi na sita katika nyumba ya karne ya 17. Kuna lifti, na viti vya magurudumu vya kuazima. Mama akisema hahitaji kiti, chukueni tu, atakikalia mbele ya picha.

Yule binti mwenye hereni, kazi ya Vermeer, atamshangaza kwa udogo wake. Ni turubai la sentimita 44 kwa 39 tu, pengine halizidi sana ule mkebe. Mwaka 1881 liliuzwa kwenye mnada hapohapo Den Haag kwa gilda mbili, fedha ya Kiholanzi ya zamani, likiwa chafu, na aliyelinunua akaliacha kama wasia kwa jumba hilo. Wewe sogea uitazame hereni. Haina kulabu, haikuning'inizwa popote. Ni doa zito la mwanga juu, na kivuli cha ukosi mweupe kinachorudi kwa chini. Vermeer ameweka rangi mara mbili, na wewe ukaona lulu. Utafurahi, najua.

Lakini picha yako wewe ndani ya jumba hilo ni nyingine kabisa, na mpwa wako hakuitaja: Fahali wa Paulus Potter, ya 1647. Upana wake unapita mita tatu. Ng'ombe dume karibu sawa na umbo lake halisi, amesimama kwenye nyasi, nzi juu ya mgongo, chura chini, na kinyesi cha ng'ombe mle mle kwenye nyasi. Potter alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo tu, na alifariki kabla ya kufika 30. Wataalamu wa mifugo wameonyesha kwamba fahali huyo hakuwa mnyama mmoja. Amemuunganisha kutoka kwa ng'ombe wa umri tofauti, meno ya mmoja, pembe za mwingine. Askari wa Ufaransa waliibeba picha hiyo 1795, wakaiweka kwenye jumba la Louvre, Paris, ikarudishwa baada ya Napoleon kushindwa 1815.

Nakueleza hayo kwa sababu ya lile swali lako la tatu. Unauliza umesimama kama nani. Hao wachoraji wa karne ya 17 unaowaita wakubwa, wengi wao hawakuwa wakichorea wafalme. Walichora na kuuza: sokoni, kwenye maonyesho, kwa muuza mkate na kwa nahodha. Kila mmoja alikuwa na fungu lake. Huyu ng'ombe, yule meli, yule maua, yule samaki mezani. Kijana aliingia kwa fundi, akasaga rangi na kuandaa mbao miaka kadhaa, kisha akaingizwa kwenye chama cha mafundi wa mji wao. Vermeer aliandikishwa katika chama cha Delft 1653. Ukiniambia hilo halifanani na kazi ya tingatinga pale Morogoro Stores, ambako mmoja anajulikana kwa chui na mwingine kwa ndege, na kijana anaanza kwa kujaza rangi ya nyuma kabla hajaruhusiwa kuchora mnyama, nitakukatalia. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi kwa sababu ndizo alizozipata na alizoweza kuzilipia. Simama mbele ya fahali yule kama mtu wa kazi ileile. Mtazame fundi mwenzako amefanyaje manyoya ya paji la uso.

Katika nyumba hiyohiyo ulizeni picha ya Rembrandt ya 1661 ya wanaume wawili Waafrika. Mmoja anatazama mbele, mwingine ameegemeza kichwa karibu na bega la mwenzake. Majina yao hayajulikani, lakini wakati ule walikuwako watu weusi huru wakiishi Amsterdam, jirani na mtaa wa Rembrandt, na nyuso hizi si za kubuni kwa dharau. Nami nataka mjue mmesimama katika nyumba ya nani. Johan Maurits, aliyeijenga, alikuwa gavana wa koloni la Uholanzi kule Brazil kuanzia 1637 hadi 1644. Katika utawala wake Waholanzi waliiteka ngome ya Elmina, Ghana ya leo, ili wapate watumwa wa mashamba ya miwa, na yeye mwenyewe alishiriki biashara hiyo. Watu waliiita nyumba ya sukari. Mimi mara ya kwanza nililia mbele ya wale wanaume wawili, na mpaka leo siwezi kupita bila kuwasalimia.

Jumatatu ndiyo siku ya mtego. Majumba mengi ya Uholanzi hufungwa Jumatatu, likiwamo Kröller-Müller, na Mauritshuis hufungua saa saba mchana. Mpwa wako alikupangia la msituni siku hiyohiyo? Mwulize. Rijksmuseum iko wazi kila siku, saa tatu asubuhi hadi kumi na moja jioni, kwa hiyo Jumatatu nenda Amsterdam. Treni kutoka Den Haag ni kama dakika hamsini. Chukua tiketi ya saa tatu kamili, uingie pamoja na wa kwanza.

Kuna vyumba 80 mle ndani. Wewe panda moja kwa moja ghorofa ya pili, kwenye ukumbi mrefu wa katikati, na ukae hukohuko. Saa moja ya kwanza, kabla makundi hayajafika, ni ya Mwanamke wa Maziwa wa Vermeer. Tazama mkate ulio mezani: ni nukta tupu za rangi, moja moja, na kwenye rangi ya nukta wewe si mgeni. Bluu ya aproni yake ilisagwa kutoka kwenye jiwe lililochimbwa Afghanistan, na wakati ule hakuna bluu iliyokuwa ghali kuliko hiyo.

Kisha nenda mwisho wa ukumbi kwa Doria ya Usiku ya Rembrandt, ya 1642. Iko ndani ya chumba cha kioo tangu 2019 kwa sababu inachunguzwa na kutengenezwa mbele ya watu, na mwishoni mwa 2024 wataalamu walianza kuiondoa vanishi ya zamani. Wageni wengine hulalamika kwamba kioo kinawazuia kupiga picha. Wewe utabahatika ukiwakuta mafundi kazini, na pamba na darubini zao. Ujue pia kwamba turubai hilo lilikatwa pande zote nne mwaka 1715 ili liingie kwenye ukuta wa ukumbi wa mji.

Saa iliyobaki mpe Bibi Harusi wa Kiyahudi, ile aliyoikalia Van Gogh. Tazama mkono wa nguo ya bwana. Rangi imepandishwa nene kama lipu, pengine kwa kisu, ikashika mwanga yenyewe. Kaa. Ukihisi unataka kuondoka, kaa tena dakika tano. Rijksmuseum huruhusu kuchora kwa penseli, na 2015 walianzisha kampeni ya kuwaomba wageni wachore badala ya kupiga picha, kwa hiyo toa daftari lako bila woga. Rangi na kalamu ya wino acha nyumbani.

Ukitoka utaliona Van Gogh Museum ng'ambo ya uwanja wa nyasi, na moyo utakuvuta. Hapa niseme wazi unachokipoteza ukinisikiliza: Wala Viazi, ile picha ya watu wanaokula viazi, ya 1885, Alizeti, na yale Maua ya Mlozi aliyomchorea mtoto wa mdogo wake 1890. Ni jumba kubwa, lina zaidi ya picha 200 za mkono wake. Lakini lina watu wengi mno, tiketi ni za kununua mtandaoni kwa saa maalumu, na mara nyingi utatazama juu ya mabega ya watu. Tena ile picha ya nyota zinazozunguka haiko pale. Iko New York tangu 1941. Nasikitika kukwambia mimi, ila ni afadhali ulisikie ukiwa Msasani kuliko ukiwa dirishani kwa mwuza tiketi.

Ndiyo maana Jumanne nakutuma msituni. Kröller-Müller, Otterlo, lina picha za Van Gogh karibu 90, na hakuna jumba lenye nyingi zaidi ila lile la Amsterdam. Mojawapo ni ya mkahawa usiku, aliyoichora Arles, Ufaransa, Septemba 1888, miezi tisa kabla ya ile unayoiota. Ukuta wa njano unawaka kwa taa, mawe ya barabara yanang'aa, na juu ya nyumba zimekaa nyota kama maua. Alimwandikia dada yake kwamba ameuchora usiku bila rangi nyeusi. Kwa mtu anayeanza kila picha kwa kujaza rangi ya nyuma, utataka kujua amefanyaje. Toleo jingine la Wala Viazi liko hapo pia. Na nafasi ipo, unaweza kusogea mpaka uone nyayo za brashi.

Safari yake ni ndefu, karibu saa mbili kwenda: treni hadi Ede-Wageningen kwa kupitia Utrecht, kisha basi. Kwa hiyo mama abaki kwa dada, nadhani hata yeye atapenda siku moja ya wajukuu. Jumba limo ndani ya hifadhi ya taifa ya De Hoge Veluwe, na utalipa kiingilio cha hifadhi mbali na cha jumba. Ndani kuna baiskeli nyeupe za kutumia bure, na bustani kubwa ya sanamu nje. Mpwa wako aende nawe. Amejitahidi kukuandikia orodha, na siku nzima na mjomba wake mchoraji itamfaa kuliko saa za treni. Ikitokea Jumapili umeamka mgonjwa au mvua imetabiriwa kwa Jumanne nzima, Jumapili hiyohiyo kata tiketi ya Van Gogh Museum ya Jumanne, usingoje.

Shemeji yako mjibu kwa upole. Simu haina ukubwa wa fahali wala unene wa ule mkono wa nguo. Kuhusu pesa, ana haki ya kuwa na wasiwasi: tiketi za Rijksmuseum na Mauritshuis ni kama euro 20 au zaidi kwa mtu mzima kila moja. Ndiyo sababu nyingine ya matatu badala ya tisa. Utasikia pia habari ya Museumkaart, kadi ya mwaka ya majumba mengi. Kwa wakazi ni hazina, kwa mtu wa majumba matatu usiinunue.

Kwenye treni na tramu unagusa kadi ya benki kwenye mashine unapoingia na unapotoka. Kila mtu kadi yake, ya mama haiwezi kuwa ileile yako, mwombe dada amwazime. Ukisahau kugusa unapotoka utakatwa zaidi. Iambie benki yako kabla ya safari kwamba kadi itatumika nje. Na siku mbili kabla ya kila jumba, mpwa aangalie kwenye tovuti yao kama picha ninazokutajia zipo ukutani, kwa sababu huazimwa na majumba ya nchi nyingine, hata yule binti wa mama husafiri.

Mabegi yenu fungeni Jumatatu usiku. Jumanne utarudi kutoka Otterlo jioni, umechoka, na ndege ni alfajiri.